Kikulacho ki Sandukuni: namna ya kukutana na mimiki mara ya kwanza bila kutafunwa (au utafunwe lakini ujue kwa nini)

Kila wiki swali ni lile lile linabadilisha nguo tu. "Oya nimefungua sanduku nikaliwa, hii ni bagi?" "Sanduku limesimama likanipiga teke, gemu yangu imeharibika?" "Kuna namna ya kujua kabla?" Nimejibu mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo leo naandika yote sehemu moja, ukiulizwa na mwenzio mpe hii mi niendelee kucheza.

Jibu la kwanza kabisa: hapana, si bagi. Gemu iko sawa. Umeliwa kihalali.

Mwongozo huu nimeuegemeza kwenye Dark Souls ya kwanza, ile ya 2011, kwa sababu huko ndo wengi wanapata ubatizo, ila nitagusa na nyingine ambazo zina masanduku ya tabia hiyo hiyo. Kama hutaki kuharibiwa utamu (kwa maana hujafika bado na unataka kuliwa kwa mshangao) basi ishia hapa hapa, cheza, ukishaliwa rudi. Nasema kweli, kuliwa mara ya kwanza bila kujua ni moja ya vitu vinavyochekesha zaidi kwenye gemu zote, na ukishasoma huwezi kuirudisha ile.

Hili dude ni nini, kwa kifupi

Mimiki ni zimwi linalojifanya sanduku la hazina. Halikufukuzi wala halingurumi, limekaa kimya kwenye kona linakusubiri wewe na tamaa zako. Wazo ni la zamani, mimiki alikuwepo kwenye kitabu cha mazimwi cha Dungeons & Dragons cha 1977, wakati huo watu wanacheza kwa karatasi na dadu, baadaye akahamia kwenye kompyuta na hajaondoka mpaka leo. Kwa nini anadumu? Kwa sababu kila gemu ya aina hii inakufundisha tangu dakika ya kwanza kwamba sanduku ni rafiki. Unafungua la kwanza unapata dawa, la pili upanga, la ishirini pete, mkono unazoea, unabonyeza hata kabla macho hayajafika. Sanduku la ishirini na moja ndo lina meno. Wahenga walisema tamaa mbele mauti nyuma, hapa vyote viwili viko mbele na vina bawaba.

Nadharia imeisha, twende kazini.

Andaa hivi kabla hujaingia

- Silaha yoyote unayoiamini, na kama ni nzito ya kushika kwa mikono miwili ni bora zaidi, nitaeleza kwa nini.
- Kitu cha kurusha au kupiga kwa mbali. Upinde, visu vya kutupa, bomu la moto, chochote.
- Lloyd's Talisman (kitu cha kurusha, kinamlaza mimiki) angalau mbili kama uko kwenye Dark Souls ya kwanza. Kwenye Dark Souls III kitu cha kazi hiyo kinaitwa Undead Hunter Charm. Hii ndo silaha ya siri ambayo wageni wengi wanayo mfukoni muda wote hawajui inafanya nini.
- Estus za kutosha, yani zile chupa za kurudisha maisha. Usikaribie sanduku la mashaka ukiwa na chupa moja.
- Roho zako (ndo pesa ya gemu hii, unazipata kwa kuua) uzitumie KABLA. Kama umebeba roho nyingi umezitafuta saa nzima, nenda kwenye moto kaongeze levo alafu ndo urudi. Sanduku halikimbii. Yani hili kimsingi ndo kosa namba moja, mtu kabeba utajiri wote kichwani anaenda kutomasa sanduku asilolijua.
- Ndugu au rafiki wa kukaa pembeni anayejua kucheka, huyu si lazima ila anasaidia.

Hatua kwa hatua

1. Simama. Ondoa kidole kwenye kitufe.

Najua unaona ni utani lakini hii ndo hatua ngumu kuliko zote. Niseme ilivyonikuta. Nilikuwa Sen's Fortress, ile ngome ya mitego, kama umefika unaijua, mapanga yanabembea juu ya kidaraja chembamba, mawe makubwa yanabingirika kwenye ngazi, wale watu nyoka wanakusubiri kila kona. Nimefia pale sijui mara ngapi. Sa nikaingia kachumba kamoja, kimya, hakuna mtu, sanduku zuri limekaa. Nikajisemea hatimaye jamani, haki yangu hii. Nikabonyeza.

Kifuniko kikafunguka chenyewe, kikawa mdomo. Meno huku na huku, ulimi mrefu, mikono miwili ikatoka ikanibeba mzima mzima ikaniingiza kichwa kwanza. Mi nimeshika pedi nimeganda. Miguu ya mtu wangu inaning'inia nje inapiga mateke, linamtafuna kama anakula muwa, alafu likamtupa chini maiti. Mdogo wangu alikuwa kakaa pembeni, kaanguka kwenye mkeka anacheka hana sauti. Akaniuliza, "We, sa ulikuwa unatafuta nini humo?" Sikuwa na jibu mpaka leo.

Kwa hiyo chumba kikiwa kimya na wewe umechoka na sanduku liko peke yake, hapo ndo usimame. Ukijikuta unajisemea "haki yangu hii" weka pedi chini kabisa.

2. Zungusha kamera uangalie mnyororo.

Hii ndo siri ambayo wote mnaulizia. Kwenye Dark Souls ya kwanza na ya tatu masanduku yana kipande cha mnyororo kimelala sakafuni pembeni. Uangalie ule mnyororo taratibu:

- Umejikunja na ncha imerudi nyuma: sanduku la kweli, fungua.
- Umenyooka ncha inaelekea mbele, upande wako wewe unayekuja: huyo ni mimiki.

Namna yangu ya kukumbuka ni kwamba mnyororo unaonyesha kidole. Ukikuonyeshea wewe, chakula ni wewe.

Kosa la kawaida hapa: watu wanaangalia wakiwa mbele kabisa ya sanduku kamera iko juu, hawaoni kitu, wanasema "huo mnyororo haupo" wanafungua wanaliwa. Kaa pembeni hatua kadhaa, shusha kamera chini ichungulie sakafu. Chumba kikiwa na giza ongeza mwangaza kwenye mipangilio, hakuna atakayekusema. Kosa lingine ni kuangalia moja mkaridhika, mnafungua matano yaliyobaki kwa imani. Kila sanduku na mnyororo wake bwana.

Kwenye ile ya tatu kuna ziada, mimiki anapumua. Kweli, ukisimama ukatulia unaliona sanduku linapanda na kushuka kidogo kidogo kama mtu kajifanya kalala mgeni akiwa sebuleni. Mimi hiyo pumzi ndo inaniogopesha kuliko meno.

3. Soma damu na maandishi ya sakafuni.

Kama unacheza umeunganishwa na intaneti, wenzako waliopita wanaacha madoa ya damu walipofia, na ukiyagusa unaona kivuli chekundu cha sekunde zao za mwisho. Mbele ya sanduku la kweli huwa hakuna sababu ya watu kufa. Ukikuta madoa matano yamerundikana mbele ya sanduku moja, gusa lolote. Utaona kivuli kinakuja kwa mbio, kinainama kufungua, alafu kinapaa hewani kichwa chini kinapiga miguu. Zimwi lenyewe halionekani kwenye kivuli, anaonekana mtu tu, kwa hiyo ni kama anafundishwa kuogelea na mzimu. Nimewahi kukaa hapo nagusa moja baada ya jingine tu nacheka, nikasahau nilichofuata.

Maandishi ya wenzako yasome lakini usiyaamini. Huwezi kuandika unachotaka, unachagua maneno yaliyopo tayari, na ndani ya maneno hayo hayo binadamu wamepata namna ya kudanganya. Utaambiwa hazina iko mbele, sanduku zuri. Aliyeandika alishaliwa anataka na wewe uliwe msiwe na deni.

4. Gonga kabla ya kufungua.

Huna uhakika bado? Rudi nyuma, piga mshale mmoja au kisu kimoja. Huna cha kurusha, sogea umbali wa ncha ya silaha upige mara moja tu kisha rudi nyuma. Sanduku la kweli litakaa kama sanduku. Mimiki atasimama.

Na atakaposimama usishangae, kwa sababu hapo ndo sura yake yote inatoka. Kutoka kwenye kisanduku kile anachomoka mtu mrefu mwembamba kukuzidi wewe, miguu mirefu, mikono mirefu, na kichwa chake ndo lile sanduku. Anatembea kama mjomba aliyeamshwa usingizini kuulizwa rimoti iko wapi.

ONYO KUBWA, hili lisome mara mbili: tabia ya kugonga kila sanduku ni salama kwenye Dark Souls ya kwanza na ya tatu, LAKINI kwenye Dark Souls II masanduku ya mbao yanavunjika. Ukilivunja na kilichomo ndani kimeharibika, unaokota takataka. Kuna watu wametoka gemu ya kwanza na akili zao za kugonga wakaingia ya pili wakapasua hazina zao wenyewe kwa mikono yao, alafu wanauliza mbona gemu hii haina vitu. Ina vitu, umevipiga shoka.

5. Amua: unamlaza, unampiga, au unamuacha.

Kumuacha ni jibu halali kabisa na hakuna anayelichagua. Ila jua kwamba ndani yake huwa kuna kitu cha maana kweli. Yule wa Sen's Fortress ana Lightning Spear, mkuki wa radi, mkuki huo unakubeba kwa muda mrefu sana. Kwenye ile ya tatu kuna mmoja mapema kabisa pale High Wall of Lothric ana Deep Battle Axe, na kwa mgeni wa levo ya chini lile shoka ni kama kupewa gari. Kwa hiyo mi nashauri umlaze. Ukitaka sifa, mpige.

6. Kumlaza.

a) Simama umbali wa kurusha, usimsogelee.
b) Weka Lloyd's Talisman (au Undead Hunter Charm) kwenye vitu vya haraka.
c) Rusha imfikie. Kazi yake ya asili hii talisman ni kuwazuia watu kunywa Estus, ila mimiki ikimpata analala.
d) Mdomo unabaki wazi, amelala fofofo. Sogea, utapewa nafasi ya kuchukua kilichomo. Chukua.
e) Ondoka. Narudia, ondoka. Usimpige teke la kwaheri. Najua utampiga.

Kosa: kumrushia akiwa ameshaamka anakufukuza, unatupa moja inapita, ya pili inagonga nguzo, ya tatu huna. Talisman ni ya kabla ya vita. Ukishamuamsha hesabu imebadilika, nenda hatua ya 7.

7. Kumpiga.

Hapa ndo ile silaha nzito inaingia. Akiwa bado amejifanya sanduku hapigani, kwa hiyo pigo la kwanza ni la bure. Shika kwa mikono miwili, tumia pigo zito kabisa ulilonalo, ongeza la pili wakati anainuka, alafu TOKA. Watu wanakufa kwenye la tatu. Damu imechemka, wanaona maisha yake yameshuka, wanasema kamoja tu, wanabebwa.

Baada ya hapo:

- Pigana sehemu pana. Mvute nje ya kachumba kama unaweza, ukibanwa ukutani na kamera inaingia ndani ya ukuta huoni kitu unasikia kutafunwa tu.
- Ana teke la kuzunguka, anageuka kwenye mguu mmoja kama mcheza sarakasi na linafika mbali kuliko unavyodhani. Ngao inasaidia kwa mateke.
- Ngao HAISAIDII akinyoosha mikono kukubeba. Mshiko hauzuiwi na ngao, unakwepwa. Ukiona mikono inafunguka kama anakuja kukukumbatia, bingirika pembeni. Shangazi mwenye mapenzi sana anakuja hivyo hivyo, tofauti ni meno.
- Mpige baada ya shambulio lake kupita, pigo moja au mawili, toka. Ukiona unachoka nguvu usisubiri ziishe, rudi nyuma upumue.
- Kunywa Estus mbali. Anatembea kizembe ila akiamua kukufikia anafika.

Hana maajabu mengine. Vita yenyewe ukishaizoea ni nyepesi, kinachoua ni kucheka na kupaniki kwa wakati mmoja.

8. Okota mzigo, na ukibahatika okota kichwa.

Akifa hafufuki, umemaliza, kitu unapata. Mara chache sana anaangusha na Symbol of Avarice, yani kichwa chake mwenyewe, na unaweza kukivaa! Unatembea na sanduku lenye meno kichwani kama kofia ya harusi. Kinakuongezea roho unazopata kwa kuua na bahati ya kuokota vitu adimu, ila kuna bei yake nimeiweka huko chini kwenye matatizo maana watu hawasomi maelezo ya vitu.

Kama unacheza gemu nyingine

Dragon Quest III (1988): huku mimiki wanapiga uganga wa kifo cha papo hapo, kwa hiyo usikute uko na watu wanne ukabaki na mmoja anayeshangaa. Kuna uganga wa kuchungulia sanduku, kwenye toleo la Kijapani unaitwa Inpas. Unaupiga kabla ya kufungua, rangi ya bluu salama, nyekundu ni zimwi. Wageni wanabania nguvu za uganga, wanaona kuchungulia ni hasara, alafu wanatumia mara tatu yake kufufua watu.

NetHack (1987, na bado watu wanaicheza leo): hapa mimiki ni mjanja zaidi, anaweza kujifanya mlango, na anapenda sana maduka, anakaa kwenye rafu kama bidhaa. Ukiingia dukani ukaona alama ya ] ambayo gemu inaiita kitu cha ajabu, usiiguse, karibu kila mara ni yeye. Ukimgusa unanasa, unaganda naye kama umeshika gundi, huwezi kwenda popote mpaka mmoja wenu aishe. Ukiwa na shaka simama jirani yake ubonyeze s utafute, mara nyingi anafichuka. Kwa levo ndogo kimbia tu, yule mkubwa kabisa atakusaga.

Matatizo na majibu yake

*Nimeliwa, na roho zangu zote ziko mbele yake.* Pole. Ukirudi utalikuta limekaa palepale limejifunga, uso wa upole, kama halijawahi kumla mtu. Habari njema ni kwamba kuokota roho si kufungua sanduku, halitaamka kwa hilo. Tatizo kitufe cha kuokota na cha kufungua ni kile kile! Kwa hiyo soma maandishi chini ya skrini yanasema nini kabla hujabonyeza, na usibonyeze mara mbili mbili kwa wasiwasi. Nimemuona mtu akiokota roho zake na kwa bonyezo la pili akafungua sanduku. Nimemuona kwenye kioo.

*Maisha yangu yanashuka yenyewe, sina sumu wala nini.* Umevaa kile kichwa. Vua. Symbol of Avarice inakula maisha yako kidogo kidogo muda wote ukiwa umeivaa. Wanaojua wanaivaa dakika ya mwisho, adui kubwa linakaribia kufa wanabadilisha kofia, linakufa, wanavua. Hili swali nimeulizwa na mtu aliyevaa kile kichwa tangu asubuhi anasema gemu imemlaani, na alishamaliza chupa zote za Estus akidhani ni ugonjwa.

*Nimerusha talisman halali.* Mambo mawili. Aidha alikuwa ameshaamka, soma hatua ya 6 tena, au umelirushia sanduku la kweli na sasa mnaangaliana. Angalia mnyororo.

*Nimekula mzoga wa mimiki kwenye NetHack na sasa siwezi kusogea.* Ndio, kwa sababu wewe sasa hivi ni rundo la dhahabu. Si utani, ukila nyama yake unashindwa kujizuia unajigeuza rundo la dhahabu, zamu 20 kwa mimiki mdogo, 40 kwa wa kati, 50 kwa mkubwa. Na kama ulikuwa unaona maruweruwe wakati huo unageuka chungwa. Subiri ziishe. Usile tena karibu na maadui, maana kukaa zamu 50 ukiwa chungwa katikati ya vita ni kifo ambacho huwezi kumsimulia mtu.

*Nimeangalia mnyororo, ulikuwa umejikunja nyuma, nikafungua ni salama, lakini roho inanidunda.* Hiyo kawaida.

*Sasa napiga kila sanduku, mpaka kwenye gemu ambazo hazina mimiki.* Hii haina dawa. Mimi Elden Ring ilipotoka 2022 niliingia nimejiandaa, kila sanduku nalichapa panga kwanza, natoka pembeni, nasubiri, hakuna kitu, ndo nafungua. Saa ngapi sijui nimechapa masanduku, hakuna hata moja lililonijibu, na kweli mle hakuna masanduku ya meno. Basi nikafika Dragon-Burnt Ruins, yale magofu ya kwenye ziwa la Agheel, nikashuka chini, sanduku. Nikalichapa. Kimya. Nikalichapa tena kwa heshima. Kimya. Nikamwambia mdogo wangu unaona, mimi si wa kuliwa tena, nikafungua kwa mbwembwe.

Ukatoka moshi ukanifunika. Nilipoona tena niko kwenye pango la mbali kabisa, Sellia Crystal Tunnel, Caelid huko, levo yangu ya mtoto mchanga, na kila kilichomo humo kinanitaka.

Ikikukuta na wewe: usihangaike kuruka kwa ramani ukiwa ndani, haikubali. Usipigane na mtu. Kuna sehemu ya kupumzikia humo humo, iguse ili ukifa uanzie hapo, kisha kimbia kwa miguu mpaka utoke nje ya pango, ukishaona anga fungua ramani urudi Limgrave, lile eneo la mwanzo ulikotoka. Anga lenyewe ni jekundu, usisimame kulishangaa. Mdogo wangu aliniuliza lile swali lake tena, na safari hii nilikuwa busy nakimbia.